Nyuzi Nne au Tano: Gitaa la Besi na Swali la Nani Huchagua Zana

Mwaka jana nililetewa fomu ya manunuzi nikiwa mlezi wa kikundi cha muziki cha wanafunzi. Iliandikwa kwa ufupi: gitaa moja la besi, nyuzi tano. Nyuma yake zilibanwa ankara kifani mbili, moja ya gitaa la nyuzi nne na nyingine ya gitaa la nyuzi tano, na tofauti ya bei haikuwa ndogo kwa kikundi kinachojiendesha kwa michango. Nilishika kalamu ili nikate neno “tano” na kuandika “nne”. Kila aliyewahi kukaa katika kamati ya manunuzi anaijua kalamu hiyo. Haiulizi kitu kitafanya kazi gani. Huuliza kipi ni nafuu.

Mpigaji wao wa besi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alikuwa amesimama mlangoni. “Shikamoo, Dokta. Naomba nieleze kabla hujakata.” Akaeleza kwamba nyimbo zao nyingi huimbwa katika ufunguo wa E-flati, kwa sababu ndio unaoikaa vizuri sauti ya mwimbaji wao. Katika besi ya nyuzi nne, E-flati ya chini haipo. Uzi wa mwisho unaishia E, nusu hatua tu juu yake. “Kila wimbo unaporudi nyumbani, mimi inabidi nirukie juu. Mpiga kinanda anashuka kwa mkono wa kushoto, ananiacha niko juu yake. Besi inakuwa juu ya kinanda, Dokta.”

Sikuwa na jibu. Nina shahada ya uzamivu, na historia ndiyo kazi yangu, lakini sikujua kwa nini gitaa la besi lina nyuzi nne. Nilidhani ni hivyo tu, kama meza ilivyo na miguu minne. Nilimwomba wiki moja. Niliyoyasoma katika wiki hiyo ndiyo makala haya, na hoja yake ni moja: idadi ya nyuzi haikuamuliwa na maumbile ya muziki, wala haipimi umahiri wa mpigaji. Iliamuliwa na historia ya kazi, yaani nani alikuwa na kazi, nani aliogopa kuipoteza, na nani alikuwa na uwezo wa kumwagiza fundi.

Nne zilitoka wapi

Gitaa la besi lilirithi nyuzi zake kutoka kwa kontrabasi, ile fidla kubwa kuliko zote ambayo mpigaji huisimamia. Wanaosema kwamba nyuzi nne ndiyo asili ya besi wangeshangaa kama wangeingia katika ukumbi wa muziki wa London mwanzoni mwa karne ya 19. Domenico Dragonetti, mzaliwa wa Venice aliyehamia London mwaka 1794 na kuwa mpiga kontrabasi mashuhuri wa zama zake, alitumia nyuzi tatu. Giovanni Bottesini, Mwitalia aliyerithi umaarufu huo na kufariki mwaka 1889, naye alitumia nyuzi tatu. Hakuna aliyewaona pungufu. Baadaye nyuzi nne ndizo zilizoenea, zikifungwa kwa noti za E, A, D na G kutoka chini kwenda juu.

Hata hapo mjadala haukwisha. Katika okestra, kontrabasi mara nyingi huifuata selo, oktava moja chini yake. Uzi wa chini kabisa wa selo ni C. Kontrabasi inayoishia E haiwezi kuifuata selo hadi mwisho wa safari; mpigaji hulazimika kurukia oktava ya juu. Wajerumani walilitatua tatizo hilo kwa kuongeza uzi wa tano. Uingereza na Marekani wengi walipendelea kuongeza kipande cha shingo kinachourefusha uzi wa E ili ushuke hadi C. Kwa hiyo malalamiko ya mwanafunzi wangu mlangoni hayakuwa anasa ya kijana aliyeangalia video nyingi. Yalikuwa malalamiko ya kale ya wapiga kontrabasi, na mafundi wa nchi mbalimbali walikwisha kuyajibu kwa njia mbalimbali.

Uamuzi wa fundi redio

Mwaka 1951, katika mji wa Fullerton, California, Leo Fender alianza kuuza gitaa la besi la umeme aliloliita Precision Bass. Hakuwa wa kwanza kulifikiria. Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa ametengeneza besi ya umeme yenye freti katika miaka ya 1930, lakini haikuenea. Fender mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Alisomea uhasibu, akapoteza kazi wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio. Aliutazama muziki kama fundi redio anavyokitazama chombo kilicholetwa dukani: kimeharibika wapi, na dawa yake ni nini.

Kilichoharibika kilikuwa wazi. Kontrabasi ilikuwa kubwa na ngumu kubeba kutoka mji mmoja hadi mwingine. Sauti yake ilimezwa na ngoma na magitaa ya umeme. Na kwa kuwa haina freti, ilidai miaka mingi ya kuzoeza sikio na kidole. Wakati huohuo bendi kubwa za Marekani zilikuwa zikipungua baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mpiga gitaa aliyeweza kupiga besi pia alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuajiriwa. Freti zilimpa nafasi hiyo. Jina lenyewe, Precision, yaani usahihi, lilitokana na freti: weka kidole hapa, noti hutoka sawasawa.

Katika kulibuni gitaa hilo Fender alibadilisha karibu kila kitu: umbo, ukubwa, namna ya kulishika, chanzo cha sauti. Kitu alichokiacha kama kilivyokuwa ni nyuzi nne na noti zake. Uamuzi huo ulikuwa na busara. Mpiga kontrabasi aliyehamia kwenye chombo kipya hakulazimika kujifunza upya mahali zilipo noti, na mpiga gitaa wa kawaida alizikuta nyuzi zilezile nne za chini alizozijua, zikiwa oktava moja chini. Shingo ikapewa urefu wa inchi 34 za uzi unaolia, takriban sentimita 86. Wapigaji kama Monk Montgomery wa bendi ya Lionel Hampton waliisambaza besi hiyo katika majukwaa mapema miaka ya 1950.

Baada ya hapo kiwanda kilifanya kazi yake. Vifaa vya kutengenezea shingo vilikuwa vya nyuzi nne, pakiti za nyuzi zikawa za nne, vitabu vya kufundishia vikawa vya nne. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaifahamu hali hii. Kiwango huanza kama uamuzi wa mtu mmoja mwenye sababu zake, kisha sababu husahaulika na uamuzi hubaki. Miaka ishirini baadaye anayeuliza sababu huonekana mkorofi.

Haki inataka niseme pia kwamba nyuzi hizo nne hazikumfunga mtu aliyejua la kufanya nazo. James Jamerson, aliyepiga besi katika studio ya Motown mjini Detroit, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa Precision moja ya mwaka 1962, akizipiga nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Mistari yake ya besi imesikika duniani kote. Jina lake halikusikika hivyo: wapigaji wa Motown kwa miaka mingi hawakuandikwa kwenye majalada ya santuri, hadi albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What’s Going On, ilipowataja. Kama kulikuwa na upungufu katika maisha ya kikazi ya Jamerson, haukuwa upungufu wa nyuzi.

Uzi uliobuniwa ofisini na uzi ulioombwa

Sasa tuje kwenye uzi wa tano, kwa sababu historia yake ina sura mbili ambazo hufundisha zikiwekwa pamoja.

Sura ya kwanza ni ya mwaka 1965. Kampuni ya Fender ilitoa besi ya nyuzi tano iliyoitwa Bass V. Lakini uzi ulioongezwa ulikuwa wa juu, C, na freti zikapunguzwa hadi 15. Mpigaji hakupata noti mpya za chini. Alipata tu njia ya kufikia noti za juu bila kuusogeza sana mkono. Kampuni ilitatua tatizo ambalo wapigaji wengi hawakuwa nalo. Besi hiyo haikupata soko, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imeachwa.

Sura ya pili ilianzia kwa wapigaji wenyewe. Anthony Jackson, mpiga besi wa studio wa New York, aliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa kwa uzito: ikiwa chombo hiki ni cha ukoo wa gitaa, na gitaa lina nyuzi sita, kwa nini besi iwe na nne? Mwaka 1975 fundi Carl Thompson alimtengenezea besi ya nyuzi sita, yenye uzi wa B chini ya E na uzi wa C juu ya G. Mwaka 1976 Jimmy Johnson, ambaye baba yake alikuwa mpiga kontrabasi wa okestra ya Minnesota, alipata kutoka kampuni ya Alembic besi ya nyuzi tano yenye B ya chini. Mtoto wa okestra alijua kwamba kontrabasi za nyuzi tano zipo. Hakuhitaji kushawishiwa.

Hawa walikuwa watu wachache wenye mafundi wao. Kilichoupeleka uzi wa tano madukani ni mashine. Minimoog, kinanda cha kielektroniki kilichoanza kuuzwa mwaka 1970, hakikuwa na uzi wa E wa kukisimamisha. Kilishuka kadiri mpigaji alivyotaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bernie Worrell wa kundi la Parliament alipiga besi nzima ya wimbo “Flash Light” kwa kinanda hicho, na watu wakacheza bila kuuliza mpiga besi yuko wapi. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa DX7, na besi ya kinanda ikajaa katika rekodi za muongo huo. Mpiga besi wa studio akawa anapewa karatasi yenye noti ambazo chombo chake hakina. Angeweza kusema haiwezekani, na kazi ikaenda kwa mpiga kinanda. Au angeweza kutafuta uzi wa tano.

Wengi waliutafuta. Mwaka 1987 kampuni ya Music Man ilitoa StingRay 5, na besi ya nyuzi tano ikawa bidhaa ya kiwandani ambayo mfanyakazi wa kawaida wa muziki angeweza kuinunua bila kumwajiri fundi wake. Tangu besi ya Jimmy Johnson ilikuwa imepita miaka 11.

Tofauti ya sura hizi mbili haimo katika idadi ya nyuzi. Zote mbili ni tano. Ya kwanza ilibuniwa na kiwanda kwa niaba ya mpigaji. Ya pili ilidaiwa na mpigaji ambaye kazi yake ilikuwa hatarini. Tunaposikia uzi wa tano ukiitwa mapambo, tukumbuke kwamba kwa waliouomba ulikuwa namna ya kubaki kazini.

Bei ya noti tano

Uzi wa B huongeza noti tano chini ya E: E-flati, D, D-flati, C na B yenyewe. Noti hizo hazipatikani bure. E ya besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. B hutetema mara 31. Ili uzi wa urefu uleule ushuke hivyo, ama uulegeze au uunenepeshe. Ukiulegeza mno hugonga freti na kukosa mkazo. Ukiunenepesha mno huwa mgumu kama waya wa uzio, na sauti yake hukosa uwazi. Ndiyo maana baadhi ya mafundi huirefusha shingo hadi inchi 35, na ndiyo maana besi ya nyuzi tano ya bei ya chini sana mara nyingi huwa na nyuzi nne nzuri na mmoja unaonguruma bila kutamka.

Mkono nao hulipa sehemu yake. Shingo huwa pana zaidi. Uzi wa B hutetema wenyewe usipoguswa, hivyo dole gumba la mkono wa kulia hujifunza kazi mpya ya kuunyamazisha. Kwa upande mwingine, mpigaji hupata noti nyingi zaidi pale pale mkono ulipo, bila kuupandisha na kuushusha shingoni.

Kuna pia njia za kati. Mwenye nyuzi nne anaweza kuulegeza uzi wa E hadi D kwa wimbo mmoja. Anaweza hata kufunga nyuzi nne za chini, B, E, A na D, akauacha ule wa G, mradi fundi apanue mifereji ya nyuzi na kurekebisha shingo. Mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kuijaribu njia ya kwanza kwa besi waliyokuwa wakiiazima. Uzi ulipolegezwa noti zote za uzi huo zilihama, na baada ya wimbo kumalizika alihitaji kuufunga upya watu wakisubiri.

Kwetu, swali halikuwa la mpigaji

Historia hii ya California na New York ilinirudisha nyumbani kwa njia ambayo sikuitarajia. Baada ya uhuru, bendi nyingi kubwa za dansi nchini Tanzania zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikaingia chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC.

Mfumo huo ulikuwa na neema yake, na si haki kuubeza. Kijana ambaye asingeota kununua gitaa la umeme alilishika, akalipwa mshahara, na akatuachia urithi wa dansi ambao tunaujivunia hadi leo. Lakini chombo kilikuwa mali ya taasisi. Mpigaji alipohama bendi aliondoka na vidole vyake, gitaa likabaki. Aliyepiga gitaa zito, kama wazee wa dansi wanavyoliita besi, alipiga lililokuwepo. Swali la nne au tano halikuwa lake kwa sababu swali la kwanza, la chombo gani kinunuliwe, lilijibiwa ofisini.

Taasisi nyingi zilijitoa katika biashara ya bendi, lakini ofisi haikuondoka. Mimi niliyeshika kalamu nilikuwa ofisi hiyo. Tabia yetu ya kuandika sifa za zana bila kumsikiliza atakayeitumia haikomei kwenye muziki. Tumeona madarasa yakipelekewa vifaa ambavyo mwalimu hakuviomba, na mwalimu akilaumiwa kwa kutovitumia.

Basi tuchague vipi

Historia haitupi idadi, inatupa maswali. La kwanza: kazi yenyewe inadai noti gani? Anayepiga dansi ya zamani, rege au roki katika funguo za E, A na G ana kila anachokihitaji katika nyuzi nne, na uzi wa tano utamwongezea uzito begani tu. Anayemfuata mwimbaji wa kwaya katika E-flati na D-flati, huku kinanda kikishuka kando yake, ana hoja nzito ya nyuzi tano.

La pili: sauti hiyo itapita wapi? Spika ndogo haiwezi kuitoa ipasavyo mitetemo 31 kwa sekunde. Sikio husikia zaidi sauti za juu zinazofuatana nayo. Kununua B ya chini na kuipitisha katika spika ya mkutano wa hadhara ni kulipia noti ambayo wengi hawataisikia vizuri.

La tatu: nani atalishika na kulitunza? Anayeanza kabisa hujifunza kwa urahisi zaidi kwa nyuzi nne, na pakiti ya nyuzi nne ni nafuu zaidi kuliko ya tano. Lakini la tatu hilo linatangulia mengine mawili kwa maana moja: ni mpigaji ndiye anayeweza kuyajibu.

Baada ya wiki moja mwanafunzi alirudi. Nilimuuliza maswali hayo matatu. La kwanza alilijibu kwa orodha ya nyimbo na funguo zake. La pili lilimtatiza. Alikiri kwamba spika yao ni ndogo, lakini akasema ukumbi wanaoutumia kwa maonyesho una kubwa. La tatu alisema wanaojifunza wataendelea na besi ya kuazima ya nyuzi nne. Tofauti ya bei ilimaanisha kwamba kipaza sauti cha pili walichokipanga kingesubiri muhula mwingine. Nilimwambia hilo waziwazi, naye akasema kikundi kimekwisha kulijadili na wamekubali kusubiri.

Fomu ilikuwa na nafasi iliyoandikwa “Sababu za kitaalamu”. Kwa kawaida huijaza mimi. Safari hii nilimpa kalamu aijaze yeye. Akaandika mistari mitatu, nami nikasaini chini yake.